Kuhe Ofisini kwa Padre

Regina, keti kwanza. Katekista wetu Castory kamaliza samaki wa Padre. Wote sita!

Si unalijua lile tangi la kioo ofisini, lenye majani na visamaki vyekundu vilivyoletwa kwa treni toka Dar? Padre alimwambia, "Watafutie mwenzao wa kukaa nao kwa amani, asiyekula majani yangu."

Na Castory mtu wa Kidahwe, mbali na ziwa, samaki anamjua akiwa kwenye sahani. Kaenda mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki, kauliza swali moja tu, "Huyu wa kwenye ndoo anakula majani?" Muuzaji akaapa, "Kuhe? Jani hagusi maisha yake yote."

KUHE, Regina, yule mla samaki wenzake! Kamtia jana.

Leo naingia kufagia, majani yote salama, kuhe tumbo ndii, Castory kapiga magoti mbele ya tangi anasubiri kufukuzwa.

Padre kaingia, kainama kulichungulia tangi.

"Padre, hata Nuhu aliwaweka pamoja."

"Nuhu aliwalisha, Castory."

Mungu anisamehe, nimecheka mpaka ufagio ukaniponyoka. Padre hakucheka. Kasema, "Kazi yako ipo. Ila Jumapili utamhubiria huyo kuhe, ndiye muumini pekee uliyetubakizia."