Gitaa Limegeukia Ukuta

Jumatano, 13 Januari 2010

Tord amekufa. Malin, binti yake, alinipigia simu nikiwa naosha masufuria ya shule. Moyo. Alikuwa anapanda ngazi za kwao na mfuko wa maziwa na mkate, jirani akamkuta. Malin akaniambia pole. Yeye ndiye mfiwa, na pole ananipa mimi! Nikasema asante. Nikamaliza masufuria.

Nimefika nyumbani, Hallunda, nimemwambia mke wangu. Hortense aliketi sakafuni palepale, koti mwilini, akalia. Mimi nikachemsha chai.

Miaka tisa tunapiga baa kila Alhamisi. Mimi gitaa na sauti, Tord harmonika, Akili besi. Tord hakuwa mtu wa maneno. Kabla hatujaanza alikuwa ananipulizia noti ya mi — moja tu, ndefu — nami nakaza kamba mpaka tunakutana. Sijawahi kununua kile kifaa cha kupimia sauti. Cha nini? Nilikuwa na Tord.

Sijalia. Labda kesho.

Alhamisi, 14 Januari

Baa ilijaa. Mwenye baa aliweka mshumaa juu ya kiti cha Tord. Watu wote macho kwangu, wanangoja nipige. Hapo ndipo ulimi wangu usio na mfupa ukasimama kuhutubia. Nikawaambia: kwetu Uvira, mwanamuziki akifa, wenzake hawapigi muziki wa baa mpaka azikwe. Baba yangu na bendi yake waligeuza magitaa uso ukutani. Nami nikaapa mbele ya wote, mkono juu — sigusi gitaa mpaka Tord azikwe.

Wakapiga makofi! Mwanamke mmoja alitoa machozi. Mwenye baa akanikumbatia, akasema Alhamisi ni yangu, ataniwekea. Akili hakupiga makofi. Alinitazama tu.

Kwenye treni nilipiga hesabu. Watamzika Jumamosi, au tuseme Jumatatu, kwa sababu ni Wazungu na wanapenda karatasi. Alhamisi ijayo niko kazini.

Gitaa liko sebuleni, uso ukutani. Hortense amelizunguka na mashine ya kufagia bila kuuliza.

Jumamosi, 16 Januari

Nimempigia Malin kuuliza saa na mahali, nipeleke suti kwa dobi. Akasema Ijumaa, tarehe 19 Februari. Nikadhani amekosea mwezi. Nikauliza tena. Februari! Kanisa dogo la makaburini lina foleni, halafu shangazi yake yuko Uhispania, hawezi kurudi kwenye baridi hii. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga siku ya kwenda kwa daktari wa meno.

Akaniomba nipige siku hiyo. Nikamwambia tukishamzika nitapiga mpaka mnichoke. Akasema vizuri sana.

Zaidi ya mwezi. Mdomo huponza kichwa, baba alikuwa akisema. Angeniona leo angecheka.

Jumapili, 17 Januari

Hortense ameweka kilio bila kuniuliza. Nimerudi kutoka kanisani nikakuta viti vya jirani, viti vya kanisa, picha ya Tord juu ya televisheni — ile ya Noeli, amevaa kofia ya karatasi. Na kina mama tayari wako jikoni, wanapika sombe, majani ya muhogo. Hakuna hata mmoja aliyemjua marehemu.

Mama Béata, anayeongoza kwaya ya kina mama, alikaa mbele yangu.

— Papa Urbain, huyu alikuwa nani yako?

— Tulikuwa tunapiga naye muziki.

— Alikuwa anakuya hapa?

— Kila Noeli. Anakula sombe.

— Na pilipili?

— Na pilipili.

— Basi ni wetu.

Akaanzisha wimbo. Waliimba vizuri, jirani wa juu hata hakugonga sakafu. Baadaye Mama Béata akauliza.

— Banamuzika siku gani?

— Kumi na tisa, mwezi wa pili.

Kijiko kiliacha kukoroga jikoni.

— Mwezi wa pili! Na sasa beko banamuweka wapi?

— Mu baridi, Hortense akamjibu.

— Mungu wangu. Papa, sisi hatuwezi kukaa kilio mpaka mwezi wa pili. Mimi niko na kazi kesho, Flemingsberg.

Kwa hiyo jioni wakaomba, wakala, wakaosha vyombo, wakakunja viti. Tumeondoa matanga na maiti bado haijazikwa. Sijui kama jambo hili limewahi kutokea chini ya jua.

Mama Béata alilia sana. Nafikiri alikuwa anamlilia kaka yake aliyebaki njiani walipokimbia vita mwaka wa tisini na sita. Wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Leo wa mbali ndio walioanza, na mfiwa alikuwa anagawa Fanta.

Alhamisi, 21 Januari

Alhamisi ya kwanza nyumbani. Nimetazama habari. Nimetazama hali ya hewa. Nimetazama mashindano ya kuteleza kwenye theluji, watu nisiowajua wanakwenda mahali nisipopajua.

Emmanuella, binti yangu, alipita na simu yake, akatazama gitaa, akaniambia kwa Kiswidi kwamba Tord amekufa, kwa hiyo hawezi kuchukia nikipiga. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kiapo si cha Tord, ni changu. Akainua mabega. Ana miaka kumi na mitano, mabega yake yanajibu kila swali.

Jumatano, 27 Januari

Akili amekuja, yeye huniita vieux, mzee kwa Kifaransa. Ameketi bila kuvua koti — dalili mbaya.

— Vieux, mwenye baa ameleta mutu mwingine. Mwanamuke wa Uppsala. Anapiga gitaa, anaimba.

— Anapigaje?

— Muzuri.

Alisema hilo neno akitazama chini. Kisha akaeleza. Mwenye baa anaheshimu kiapo, hata wateja anawasimulia. Lakini baa si kanisa. Atangoja mpaka siku ya maziko. Alhamisi inayofuata nikiwa sipigi, siku inakwenda kwa yule mwanamke. Moja kwa moja.

Nikasema haki yake.

— Haki gani? Miaka tisa, vieux! Uliapa na kalenda ya kwetu. Kwetu mutu anakufa leo, kesho iko mu udongo. Huku maiti inangoja zamu. Omba ruhusa kwa binti yake, piga, yaishe.

Nikamwambia kiapo hakina ruhusa ya katikati. Akasema mimi ni mbishi kama mbuzi. Kweli. Lakini sikubishana kwa nguvu. Nilikuwa nasikia maneno yetu wote wawili kama yanatoka redio ya jirani.

Alipoondoka alisimama mbele ya gitaa. Alitaka kuligusa, akaacha.

Jumanne, 2 Februari

Theluji. Treni za juu hazikwenda. Nimefika shuleni nimechelewa, hakuna aliyeuliza.

Sugu za vidole zinabanduka. Mkono wa kushoto. Nimezivuta moja moja nikiwa kwenye basi, kama maganda ya kitunguu. Chini yake ngozi ni laini, ya mtoto. Zilichukua miaka thelathini kukomaa, na sasa ziko sakafuni kwenye basi la Botkyrka.

Sijasikia kitu. Nimefuta kiti, nikashuka.

Alhamisi, 4 Februari

Nilienda. Sikuingia, nilisimama nje ya dirisha na wavuta sigara. Yule wa Uppsala ana nywele fupi na mguu mzito, anapiga chini kama anaua mende. Anapiga vizuri. Anapiga vizuri kuliko mimi, labda. Akili anacheka naye kati ya nyimbo.

Nilingoja wivu uje. Wivu ungekuwa kitu. Haukuja. Baridi tu, kwenye masikio.

Kiti cha Tord kipo bado. Mtu ameweka koti lake juu.

Jumapili, 14 Februari

Hortense ameuliza usiku kama namchukia Tord kwa kufa. Nikasema hapana. Akauliza kama nampenda yeye bado. Nikasema ndiyo, na ni kweli, lakini nilijisikia kama mtu anayejaza fomu. Akanishika mkono wa kushoto, akapapasa vidole.

— Vimekuwa vya mupadri, akasema.

Tulicheka kidogo. Yeye zaidi.

Ijumaa, 19 Februari

Nimerudi. Nitaandika yote, nisije nikasahau nilivyokuwa mjinga.

Nilivaa suti na buti za kazi. Hortense akasema utavaaje buti na suti. Nikamwambia nitashika sepetu, udongo umeganda, viatu vya Jumapili vitaharibika. Nikabeba gitaa ndani ya kasha lake, sikulifungua. Mpango wangu ulikuwa huu: udongo wa mwisho ukianguka, nafungua kasha palepale, napiga.

Kanisani watu wachache; Akili hakupata ruhusa kazini. Viatu vyote vyeusi, vyembamba, vinang'aa. Buti zangu ziliacha maji sakafuni kila nilipopita. Jeneza la mbao nyeupe. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kinanda kikapigwa. Tukapita mmoja mmoja, kila mtu na ua lake, tunaliweka juu, tunainama. Nilipofika nilitaka kumwambia kitu. Nikaweka ua. Nikaenda.

Kisha mchungaji akatuaga, watu wakatoka. Nami nikasimama pembeni kungoja wabebaji. Hawakuja. Watu wanavaa glavu, wanaulizana nani ana nafasi kwenye gari. Nikamuuliza mzee mmoja jeneza linatoka kwa upande upi. Akasema halitoki.

Tulikwenda ukumbini. Kahawa, na ule mkate wao mkubwa uliopambwa kama keki, mayai na uduvi juu. Nimekaa na kasha katikati ya magoti. Malin akaja, macho mekundu, akatabasamu. Akasema: sasa unaweza kupiga.

Nikamuuliza kaburi liko wapi.

Akanieleza taratibu. Baba yake atachomwa. Majivu yatawekwa kwenye bustani ya kumbukumbu, pale wasio na mawe wala majina. Wafanyakazi wa makaburi ndio wanaoyaweka, ardhi ikishayeyuka. Aprili. Au Mei. Nikauliza siku gani, nije. Akasema haendi mtu. Hata yeye haendi. Tord mwenyewe ndivyo alivyotaka — asimsumbue mtu.

Asimsumbue mtu!

Nikatazama buti zangu. Nikamwambia siwezi kupiga. Nikamwambia kwa nini. Kiswidi changu kilinitoroka, nilisema udongo, udongo, mara nyingi. Malin hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alishika kikombe changu akakijaza kahawa tena, ingawa kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye kisahani.

Niliona aibu. Hiyo niliisikia. Aibu peke yake.

Jumatatu, 22 Februari

Akili amepiga simu. Alhamisi jina langu liko kwenye ubao wa nje, kwa chaki. Mwenye baa amefurahi sana kwamba mzee amezikwa na mambo yamekwisha. Sikumsahihisha. Akili naye hakuuliza. Nafikiri anajua — aliuliza tu kama kamba ni nzima.

Nimemweleza Hortense habari ya bustani na majivu. Akafikiri.

— Sasa kiapo yako itaisha siku gani?

— Siku ambayo hakuna atakayeniambia.

— Basi haitaisha.

Akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 25 Februari

Naandika kwenye ujia wa nyuma wa baa, nimekaa juu ya kreti. Nimekuja. Sijui nimekuja kufanya nini. Nimelitoa gitaa ukutani saa kumi, Emmanuella akanifungulia mlango, akasema lycka till, pappa. Bahati njema. Hajasema hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Mwenye baa amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza kama tulimzika vizuri. Nikasema watu walikuwa wengi kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Yule wa Uppsala yupo, na gitaa lake, amekaa karibu na jukwaa. Nisipopanda, anapanda yeye. Ana adabu, amenisalimu kwanza.

Malin yupo pia. Meza ya mbele. Katika nyumba hii, zaidi yangu, ni yeye tu anayejua kwa hakika kwamba baba yake hajazikwa, na amekuja, amevaa koti la Tord. Hajanitazama kwa kuniomba. Amekaa tu.

Kiti cha Tord wamekiweka palepale jukwaani, kushoto kwangu. Kitupu. Mshumaa hakuna, nashukuru.

Nimefungua kasha. Harufu ya mbao. Kamba zote zimelegea, wiki sita, joto la nyumbani. Nimebonyeza moja kwa kidole cha pili — ikauma! Ikakata kwenye ile ngozi ya mtoto. Nimebonyeza tena. Inauma kweli. Ni kitu cha kwanza kuniuma tangu Januari, na siachi, nabonyeza, natazama alama nyekundu.

Akili amechungulia. Amesema watu wako tayari, vieux. Nikasema dakika moja, nakaza kamba. Nikainamisha kichwa kushoto. Nikasema — kwa sauti, kwa Kiswidi, kama nilivyomwambia Tord kila Alhamisi — nipe mi.

Akili amesimama pale. Anacho kifaa chake cha kupimia sauti mfukoni, nakiona kinavyotuna. Hakitoi. Amevua kofia.

Mwenye baa ameita jina langu. Wanapiga makofi. Ameita tena. Kichwa changu bado kiko kushoto, nangoja.