Mama, Wodi Siiachi

Mtwapa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai huko Adu mwaamka salama, goti la Baba limepoa, na mahindi yamepata mvua. Mimi mzima, ila nimekonda. Nibusie mwanangu Neema utosini.

Kaka Charo alinifikishia neno lako: "Mwambie Kadzo aache kazi arudi, hii korona haina adabu." Nimelifikiri sana. Kabla sijakujibu, nikusimulie yaliyonipata.

Ugonjwa ulipozidi, wauguzi wenzangu kadhaa waliugua, nasi tuliobaki tukabeba wodi nzima. Yale magauni ya kujikinga ni ya plastiki, na kwa joto letu hili jasho lateremka mpaka viatuni. Hayo niliyastahimili. Kilichonivunja ni yaliyonipata pale nilipopanga chumba. Mwenye nyumba alinizuia bombani mbele ya wapangaji wote. "Wewe nesi utatuletea mauti. Tafuta kwingine." Wale ambao watoto wao wakishikwa na homa waliniita mimi, wakainamia ndoo zao. Nikafunga virago, nikalala kwenye benchi la chumba chetu cha kubadilishia nguo.

Kesho yake akalazwa mama mmoja wa Gongoni, kibarua wa viwanda vya chumvi, pumzi zikimkatika. Nikashika sindano nimtie dripu. Nikaukosa mshipa. Nikaukosa tena. Akanitazama.

"Mwanangu, kumbe hata wewe waogopa?"

Bi Mwanaisha, mkuu wetu wa wodi, akaipokea sindano, akamaliza, kisha akaniita kando. Nilijua nitakemewa.

"Umelala wapi jana? Umekula nini?"

Nilipoanza kueleza, machozi yakanitangulia. Akasema, "Kwangu kuna chumba. Asiye na pa kulaza kichwa atamuuguza nani? Jioni twende."

Basi ndiko niishiko, Mama. Twala wali kwa samaki, na kucheka twacheka. Sindano haikosi mshipa tena. Nilirudi kwa yule mama, nikamlaza kifudifudi apate pumzi, nikamnywesha uji kijiko kwa kijiko, nikimsemesha Kigiriama chetu. Siku ya kuruhusiwa alikataa kiti cha magurudumu. Alitembea mwenyewe hadi mlangoni, nasi tukimpigia vigelegele ndani ya barakoa.

Sitakuficha, wapo tuliowafunika shuka hadi usoni. Nami hofu ningali nayo. Lakini kazi siiachi, Mama, usinikasirikie. Nikiondoka, nani atashika zamu yangu?

Msalimu Baba, na shangazi Kache, na kaka Charo. Mkewe, ambaye najua ndiye anayekusomea, asome polepole wala asiruke mahali. Na Neema akiuliza mamake yuko wapi, msimwambie yuko mbali. Mwambieni yuko kazini, anamwangalia mama wa mtu.

Binti yako akupendaye,
Kadzo