Kona Kando ya Zizi la Nyamhanga

Jumatatu, 7 Juni 1954

Mtaro futi arobaini tangu asubuhi. Udongo mweusi, mawe tupu. Viganja vimechubuka. Bwana Injinia kaja na mwavuli wake kuuliza kwa nini tunachelewa. Ningempa sururu ajionee mwenyewe.

Tunaleta maji ya kuzimia moto, kutoka tangi la kilimani hadi ghala la pamba. Darini mwa ghala mabomba yana upepo tu, hayana maji. Mwaka jana yalivuja yakaozesha marobota, tajiri akaapa hataki tone juu ya pamba yake. Sasa moto ukiwaka, vizibo vya darini vitayeyuka, upepo utoke, vali ifunguke, na maji yaliyokuwa yakingoja chini yaje mbio zote. Kipigo chote kinaliangukia bomba la ardhini. Mimi ndiye fundi wake.

Mdogo wangu Mwita ni mnyapara wa wapagazi humo ghalani. Kapita mtaroni akiniita fuko. Mshenzi yule, kanichekesha.

Jumatano, 9 Juni

Tumefika zizi la mzee Nyamhanga. Baba yake kazikwa kando ya mlango wa zizi, na mstari wa Injinia unapita juu yake. Nilimwamkia mzee shikamoo. Akaitikia vizuri, kisha akasema mtaro haupiti hapo. Nikamweleza Injinia. Akacheka, akaamuru tuchimbe.

Mjinga. Mkurya gani atakutazama ukichimba kaburi la baba yake?

Saa nne mishale ikaja. Range, kijana wangu mmoja wa mtaroni, kapigwa mshale pajani. Niliuchomoa mwenyewe, akaniuma mkono kwa maumivu.

Alhamisi, 10 Juni

Wana wa Nyamhanga wamekuja na marungu. Wanne. Mmoja nilimtandika spana ya bomba mdomoni, meno mawili yakatoka. Sijuti.

Jumamosi, 12 Juni

Tumepatana. Bomba litazunguka kaburi. Kona mbili.

Shida ni kwamba maji yakija kwa kasi huisukuma kona itoke mahali pake. Lazima nyuma yake kuwe na zege, na zege liegemee ardhi isiyochimbwa. Ardhi hiyo ni ubavu wa kaburi. Nyamhanga kasema zege lisiguse huko. Nikaitikia. Nilichoka kupigana.

Jumatatu, 14 Juni

Injinia kanipa karatasi. Nichague: bomba la chuma au la saruji.

Chuma kipo uani, kimelala tangu Machi. Kizito, watu wanane kwa kila kipande, na kila kiungo kinamiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Wiki tatu. Saruji watu wawili wanabeba, viungo ni pete za mpira. Siku nne, kwisha.

Nilikipiga nyundo kipande cha saruji. Kilipasuka kama chungu. Najua kabisa halifai. Lakini tumepatana au hatujapatana, wiki tatu mbele ya mishale ya watu wale nitazika mtu. Vijana wenyewe wanasema mwisho wa wiki hawarudi tena.

Nimeandika saruji. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 18 Juni

Tumefukia. Tumejaribu. Injinia kafungua kizibo kimoja cha darini, upepo ukatoka ukilia, maji yakaja. Wapagazi wakapiga makofi. Mwita kasimama chini yake na nguo zake, akicheza, akiwaambia wote haya ni maji ya kaka yake.

Kizibo kimoja si vizibo ishirini. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nikalimeza.

Jumanne, 6 Julai

Saa sita mchana. Jiwe liliingia na pamba kwenye mashine ya kuchambulia, likatoa cheche. Dakika chache moto ukawa ghalani, ukarukia marobota.

Nilikimbilia vali. Ilifunguka vizuri kabisa. Nikasikia maji yakipita chini ya miguu yangu. Halafu mlipuko, huko kwenye zizi. Kona imetoka. Maji yaliruka juu kupita paa la Nyamhanga, ng'ombe wakavunja zizi. Ghalani hakuna tone.

Wapagazi walitoka mmojammoja, ngozi zimewavuka. Mwita hakutoka. Niliingia mara mbili, mara ya pili wakanivuta miguu.

Samweli, aliyekuwa naye ndani, kanieleza. Walitaka kukimbia mapema, mlango ulikuwa bado wazi. Mwita akawazuia ili wasogeze marobota. Akawaambia, "Tulieni. Maji ya kaka yanakuja."

Nilimpiga Samweli kwa kuniambia. Mtu aliyeungua. Nilimpiga mpaka wakanishika watatu.

Alhamisi, 8 Julai

Tumemzika Mwita. Kidogo kilichobaki.

Injinia kafika msibani na ile karatasi. Kanionyesha sahihi yangu mbele ya mama yangu. Nilimkaba shingo. Askari wake wakanipiga virungu, jicho la kushoto limefumba. Hawakunifunga jela, eti hakuna fundi mwingine. Afadhali wangenifunga.

Maana karatasi haikusema uongo.

Jumamosi, 24 Julai

Tunalaza chuma. Vipande vitano leo.

Mzee Nyamhanga kaja asubuhi, peke yake. Kaonyesha ubavu wa kaburi kwa fimbo, akasema tumwage zege hapo. Kisha akakaa kwenye jiwe akatazama. Wanawe wanabeba bomba pamoja nasi. Yule wa meno alikuwa mbele yangu, tumeshika kipande kimoja. Hakuna aliyeimba.

Mchana Bhoke, mke wa Mwita, alileta uji na mtoto mgongoni. Wanawake wengine walikwisha rudi. Yeye alibaki akilitazama bomba, akalishika.

"Shemeji, hili la chuma lilikuwepo siku zile?"

Nilimwambia lilikuwepo. Lilikuwa uani.

Akaendelea kugawa uji. Mimi akanipa wa mwisho, akaweka kibuyu chini mbele yangu, si mkononi. Kisha akafunga kanga vizuri, akaenda nyumbani. Uji ulikuwa wa moto bado. Nimeunywa.