Baba Anajitengenezea Jeneza

Nakwa, Babati,
Manyara.
17 Mei 2009

Mpendwa Kaka Valence,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Wifi Clara ameshapona malaria? Watoto nao wazima? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila siwezi kuandika kwamba hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, lakini hakuna mwenye hamu ya kwenda kuyaangalia.

Kaka, njoo nyumbani.

Tangu Baba aruhusiwe kutoka hospitali Moshi baada ya ule mshtuko wa moyo, amekuwa mtu mwingine. Unamkumbuka fundi aliyebeba mlango mgongoni toka Bagara huku akiimba? Sasa hata kigoda hasogezi. Akikohoa anashika kifua, anausikiliza moyo. Chakula kisicho na chumvi anakiita cha wafu. Dawa anameza nikimsimamia tu.

Nesi Mektilda wa kliniki alikuja mwenyewe kumbembeleza ajiunge na kundi lao la mazoezi. Alimweleza kwamba watafiti wamewafuatilia wagonjwa kama yeye, na wanaotembea kidogo kidogo wanapata nafuu kuliko wanaobaki kitandani.

"Hao waliochunguzwa hawakuwa na moyo wangu," Baba akamjibu. "Wangu umechanika. Nikitembea utaishia njiani."

Majuma mawili yaliyopita nikasikia randa karakanani. Nilikimbia kwa furaha nikidhani amerudi kazini. Nikamkuta ameiegemea meza, jasho linamtoka, anapiga randa zile mbao za mninga alizoweka kwa ajili ya kabati lenu. Nikamuuliza anatengeneza nini.

"Jeneza langu. Sitaki kuzikwa kwenye kazi mbovu ya mtu mwingine."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama hakulia. Alichukua shoka, akazipasua mbao zote mbele ya macho ya Baba, akazipeleka jikoni na kupikia maharage.

Mama akamwekea sahani. "Kula, Baba Valence. Ukimaliza tunatembea."

Akala. Wakatoka, mimi nyuma yao. Walipofika kwa jirani yetu Mama Elibariki, Baba akashika uzio, akagoma kusogea. Nikajua ndiyo basi.

"Naogopa," akasema, kwa sauti ndogo.

Baba yetu, kaka! Sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

"Na mimi naogopa," Mama akamwambia. "Twende."

Walitembea hivyo siku chache, wameshikana mikono. Sasa miguu ya Mama imevimba, hawezi tena. Mimi asubuhi niko shuleni nafundisha. Baba amerudi kitandani, ameelekea ukutani. Nesi anasema nafasi yake kwenye kundi bado ipo, ila akizidi kulala, mwili utazidi kulegea. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimepiga magoti. Sina kingine.

Wewe ndiye Baba anayemsikiliza. Usimtume mtu na ujumbe. Njoo umshike mkono mwenyewe.

Msalimie sana wifi Clara, na wanangu Eustace na Emerensiana; waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakubariki, na Mungu akufungulie njia.

Jana nilimwambia Baba kwamba nakuandikia uje. Hakugeuka. Akauliza tu, "Atakuja kabla, au baada?"

Nakuomba, kaka, umjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Scholastica