Kaburi Lisilo na Vigae

Chumba cha nyuma,
Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka kitandani kwangu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Chakula cha bwenini bado kinakushinda? Mimi nipo, nashukuru. Miguu imegoma kabisa, lakini kichwa bado kinafanya kazi.

Barua yako nimeisoma. Unauliza kwa nini mwalimu wenu ameweka mawe na viumbe hai katika mada moja, wakati jiwe halili wala halizai. Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu, na wanafunzi walioniuliza hivyo ni wa kuhesabu.

Shika goti lako. Ugumu ule ni kalsiamu, na kalsiamu hiyo ilikuwa mwambani kabla ya kuwa yako. Mvua ina asidi kidogo sana. Inalimung'unya jiwe taratibu, kama wewe na peremende. Madini yanaingia udongoni, mzizi unayanyonya, ng'ombe anakula jani, wewe unakunywa maziwa. Basi goti lako lina ukoo na changarawe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwenye mtihani andika.

Safari ya kurudi ndiyo inayonihusu mimi. Kiumbe kikifa, bakteria, kuvu na minyoo hukivunjavunja, na kila kilichoazimwa kinarudi udongoni. Nimelichora hilo ubaoni miaka yote, kwa mishale ya chaki. Leo naungama jambo ambalo sikuwahi kumwambia mwanafunzi wala mwalimu mwenzangu: nataka kuwa kwenye mshale ule. Nizikwe katika udongo mtupu, bila saruji wala vigae, mvua inifikie.

Shida ni baba yako. Unamjua fundi wa vigae alivyo. Juzi nilikuwa nimesinzia, nikahisi kitu cha baridi kisiginoni. Kumbe ananipima kwa tepu!

"Ongeza kidogo," nikamwambia. "Nikinyooka ni mrefu kuliko hapo."

Alishtuka hadi tepu ikajikunja yenyewe. "Mama! Nilidhani umelala!"

"Nitalala tu, usiwe na haraka."

Tulicheka, kisha machozi yakamtoka. Kumbe ameshachagua vigae vyeupe, na atavipanga mwenyewe, hataki msaidizi aviguse. Nilipomwambia sivitaki, alisema, "Nimepamba bafu za mtaa mzima, halafu mama yangu nimlaze kwenye tope? Watu watanionaje?" Akatoka. Tangu hapo tunazungumza habari za dawa tu.

Hana ubaya. Kwake kupanga vigae ndiko kupenda, na kwangu mimi udongo mtupu ndio pambo, nalo ananikatalia.

Wewe anakusikiliza. Ukija likizo, mweleze mzunguko huu kama ulivyouelewa, polepole, mkiwa wawili. Mwambie hata saruji yake imetokana na mawe ya chokaa, na mengi ya mawe hayo yalikuwa magamba ya viumbe vya baharini. Amekuwa akiwashika marehemu siku zote bila kuogopa! Akikataa kabisa, basi, msigombane kwa ajili yangu. Lakini jaribu, mama.

Akikubali, msipande ua wala mti juu yangu. Acheni pawe wazi, mvua inyeshe, mwone kitakachoota chenyewe. Kufa sikuogopi sana. Kinachonikera ni kwamba jani la kwanza likichomoza, mimi nitakayekuwa karibu nalo kuliko wote ndimi nitakayekosa kuliona. Inama ulitazame kwa ajili yangu: mishipa yake imekwenda sambamba, au imesambaa kama wavu?

Nisalimie shangazi yako mshonaji na mumewe tunayemwita Mzee wa Maneno, na rafiki yako yule anayeogopa minyoo.

Mungu akutunze ulalapo na uamkapo, wala asikuondolee maswali.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote uliobaki,

Bibi yako.