Mawimbi ya Makombo

Laurel, ughaibuni, Jumapili usiku

Leo nimeaminiwa, mimi! Tena bila kutia hata punje ya chumvi.

Salma, binti wa dada yangu, alikuja kuiona redio yangu. Nikamwambia: zamani wakubwa, serikali na makampuni, walijichukulia mawimbi marefu, wakawaachia watu wa redio za nyumbani yale mafupi, makombo, wakidhani hayafiki mbali. Kwa makombo hayohayo wale watu wakaitana ng'ambo hadi ng'ambo ya bahari.

"Anko, chumvi!"

Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Neno chumvi ndilo analolisema vizuri, kajifunzia kwangu.

Akapekua simu yake kuhakikisha, akasoma. Nikaingiwa na hofu. Keshakua, na akinicheka leo pia, hatarudi kunisikiliza.

"Mjomba," akasema polepole, "kisha ikawaje?"

Mjomba! Na Kiswahili kizima!

Mimi ambaye katika hadithi zangu niliwahi kumzaba papa wa baharini kofi akalia, leo sikuongeza chumvi. Nikamvisha tu vipokea sauti vya masikioni, nikazungusha kitufe mpaka sauti ya mbali ikaja. Akatabasamu.

Jumapili ijayo anarudi. Itabidi nisome zaidi. Papa nimemweka akiba, iwapo hadithi za kweli zitaniishia.