Kwa Baba Nafetalai, na Abiria Aliyemvisha Mama Mkeka

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumatano ile ulipotutoka hospitalini Nuku'alofa, mbali na nyumbani kwako Pangai na mbali na nguruwe wako.

Bado unasemwa hapa kisiwani. Tangi gani la maji ya mvua hukulijenga wewe, au hukuliziba lilipopasuka? Wajane uliwazibia bure, ukidai chakula tu, nawe ukikaa kula ulikuwa unakula kwelikweli. Nguruwe uliwapa majina ya wazee wa kanisa. Siku mzee mmoja alipokuja kulalamika, ulimwita nguruwe mwenye jina lake, naye akaja mbio. Mzee wa watu alicheka mpaka akaketi chini. Nyumba imepoa, Baba. Tunakosa kicheko chako.

Lakini leo tunataka kukusimulia jambo la Mama, maana yeye hawezi kulisema bila sauti kukatika.

Asubuhi ile ulimwambia, "Kalolaine, nina hamu ya tikiti." Siku nne zilikuwa zimepita hujatia kitu mdomoni. Mama akatoka mbio sokoni kama msichana, akagongagonga matikiti, akakataa mawili, akachukua la tatu. Aliporudi, walikuwa wameshakufunika shuka.

Hakulia. Hakula, hakusema, na tikiti hakuliachia. Tuliogopa, Baba. Tulidhani tutazika wawili.

Kesho yake tulipokupakia melini kukurudisha nyumbani, Mama alipanda amelikumbatia tikiti lile, na kiunoni, kama desturi yetu, amejifunga kimkeka chake chembamba cha kwendea kanisani. Kimkeka cha Jumapili, mjane! Badala ya mkeka mkubwa, mkuukuu, wa msiba, unaomfunika mtu mpaka kifuani. Watu wakaanza kunong'onezana. Shangazi Toakase, dada yako, ambaye ndiye mwenye kauli kwenye msiba wako, akashindwa kujizuia.

"Wifi, hivi unakwenda kuzika au unatoka sokoni?"

Tulitamani sitaha ipasuke tuingie. Mama, macho makavu, akasema kwa sauti ndogo, wala hatukujua anamwambia nani, "Nilimwacha afe peke yake. Mimi nilikuwa nachagua tikiti."

Hapo akanyanyuka mwanamke mmoja mnene, wa makamo, aliyekuwa ameketi na vikapu vyake karibu na ngazi. Hatukumjua. Alikuwa anakwenda Vava'u, safari ndefu kuliko yetu. Akauvuta mkeka aliokuwa ameukalia, umechakaa na kuchanika pembeni, akaukung'uta makombo.

"Simama vizuri, dada. Inua mikono."

"Nimeshika tikiti," Mama akasema.

"Lete nikuwekee. Mapaja ya kulipakata ninayo, si unaona?"

Mama akampa! Sisi wanawe tulikuwa tumemsihi tangu jana yake akatukatalia, lakini yule alimpa. Mwanamke akaliweka tikiti chini kwa uangalifu, akamzungushia Mama mkeka, akafungua kamba ya kikapu chake mwenyewe na kumfunga nayo. Alipokuwa anakaza fundo akamuuliza, "Ni yeye aliyekutuma hilo tikiti?"

"Ndiye."

"Basi alikufa anajua unarudi. Hakuachwa huyo, dada yangu."

Shangazi akainamisha kichwa. Mama akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili mitupu juu ya jeneza lako, akalia. Alilia mpaka Pangai, nasi tukalia naye.

Tuliposhuka tuligeuka kumtafuta yule mwanamke. Alikuwa ameketi kwenye chuma kitupu cha sitaha, amelipakata tikiti, akatupungia mkono. Hata jina hatukumuuliza. Tunatumaini tikiti lilikuwa tamu.

Tangu hapo kila Jumamosi Mama huja kaburini kwako kupanga upya kokoto nyeusi za kulipambia zilizotawanywa na mvua, na kila alipokuja alikuomba radhi. Taratibu maombi yakapungua. Jumamosi iliyopita mwenzetu Lupe alikuwa nyuma yake na ndoo ya mchanga. Akamsikia Mama akikupa umbea: kwamba mchungaji mpya anahubiri mpaka chakula kinaungua kwenye shimo la kuokea, na kwamba mpwa wako ameoa mke mrefu kumpita, akitaka kumbusu apande kiti. Mama akacheka peke yake. Akajipangusa mchanga, akakuaga, akaondoka. Radhi hakukuomba.

Tunaokukumbuka ni mkeo Kalolaine, sisi wanao Lupe, Sitiveni na Feleti, wajukuu zako, na dada yako Toakase, ambaye siku hizi hapandi meli bila mkeka wa ziada.

Moyoni mwetu hutoki, Baba.